Hotuba juu ya Tofauti za Masomo kati ya Watoto Wetu



Tumepewa kazi ya kunena juu ya shule zetu za umma, na hasa juu ya jambo moja lituhuzunishalo: kwa nini watoto waanzao pamoja darasa la 1, chini ya mwalimu mmoja, huachana mno kimasomo kabla ya kumaliza shule ya msingi.

Zamani sababu ilikuwa wazi. Wakati wa ukoloni Wazungu, Waasia, Waarabu na Waafrika walisoma mbalimbali, na fedha hazikugawanywa kwa haki. Baada ya Uhuru, Tume ya Profesa Ominde ya 1964 ilitaka utengano huo ukomeshwe, ukakomeshwa. Mwaka 1974 ada iliondolewa katika madarasa 4 ya kwanza. Lakini michango ya majengo ikashika nafasi yake, na watoto wengi wakaacha shule. Mwaka 2003 ada ya shule za msingi iliondolewa tena, na watoto zaidi ya milioni 1 wakaongezeka madarasani.

Basi mlango umefunguliwa; lakini kuingia si kujifunza. Upimaji wa Uwezo wa 2011 ulionyesha kwamba nchini Kenya watoto 3 tu kati ya 10 wa darasa la 3 waliweza kazi ya darasa la 2, na watoto wa nyumba maskini walikuwa nyuma ya wenzao.

Hapa Macalder twaijua sababu mojawapo. Tangu mgodi wa shaba ufungwe 1966, kazi ya dhahabu imebaki mikononi mwa wachimbaji wadogo, na watoto wamo. Mmoja huenda shuleni siku 5 kwa juma. Mwenzake huenda siku 3, na siku 2 huponda mawe au huosha mchanga. Kwa majuma 10 amepoteza siku 20, yaani mwezi mzima wa masomo. Tena zebaki ishikayo dhahabu, ikichomwa, hutoa mvuke udhurao ubongo, hasa wa mtoto. Naye msichana huzuiliwa nyumbani kulea mdogo wake au kuteka maji, na akipata mimba huonekana kwamba masomo yake yamekwisha, ingawa tangu 1994 Serikali imeruhusu arudi darasani.

Haifai kusema kwamba watoto hawa ni wazito wa akili. Haba na haba hujaza kibaba. Na siku zikipunguzwa haba na haba, kibaba hakijai.

Wenye mashimo, wenye mashine za kusaga mawe na wanunuzi wa dhahabu wako miongoni mwetu. Kwa hiyo twaomba mkutano huu ukubali mambo matatu. Kwanza, mwanachama asimwajiri mtoto, wala asinunue dhahabu mkononi mwake. Pili, wazee wazitembelee nyumba ambazo watoto wake hukosa shule, na ikiwa shida ni chakula au sare, Chama kisaidie. Tatu, msichana aliyejifungua arudishwe shuleni bila kuaibishwa.

Twajua kwamba fedha ya mtoto hununua unga wa leo, na njaa haina subira. Ndiyo sababu hatuleti lawama, twaleta ombi la kubebeana mzigo. Dhahabu ya ardhini itakwisha siku moja. Mtoto aliyesoma atabaki.