Malezi ya Awali na Uhalifu wa Vijana: Mfano wa Msimbati





Msimbati ni kijiji cha wavuvi cha pwani ya Mtwara, baina ya Ghuba ya Mnazi na mlango wa mto Ruvuma. Gesi asilia iligunduliwa huko mwaka 1982, na mwaka 2000 eneo hilo likawa Hifadhi ya Bahari. Hata hivyo, pwani hiyo ilisumbuliwa kwa miaka mingi na uvuvi wa baruti, na mwezi Mei 2013 mji wa Mtwara ukakumbwa na ghasia kuhusu bomba la gesi, ambazo vijana walikuwa mstari wa mbele. Haki ya malalamiko yale ni mjadala mwengine. Linalozungumzwa hapa ni kijana mwenyewe: Serikali ilimwona lini kwa mara ya kwanza?

Aghalabu humwona akiwa mbele ya hakimu. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania Bara haimhesabii kosa mtoto aliye chini ya miaka 10, na kwa hiyo miaka 10 hupita bila ya dola kumuuliza hali. Wakati huo ndio tabia inapojengwa.

Huko Ypsilanti, Michigan, nchini Marekani, watoto 123 wa familia maskini walifuatiliwa tangu miaka ya 1960. Watoto 58 walipatiwa darasa la maandalizi wakiwa na umri wa miaka mitatu na minne, na mwalimu akiwatembelea nyumbani kila wiki, 65 hawakupatiwa. Walipofikia miaka 40, waliowahi kukamatwa mara tano au zaidi walikuwa asilimia 36 katika kundi la mwanzo, na asilimia 55 katika la pili. Kundi ni dogo, na Michigan si Mtwara. Lakini tofauti hiyo si ya kupuuzwa.

Msimbati ina jando, ambalo hufunza adabu, ila huja mtoto akiwa ameshakua. Kabla ya hapo baba huenda dago, na mama hushuka mwambani kutafuta pweza na chaza. Wakati wa bamvua maji hukupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Mtoto wa darasa la awali akitoka mapema hukuta nyumba tupu, naye huelekea pwani, ambako walimu wake ni vijana wa madauni. Kituo cha malezi cha pwani basi kifuate kalenda ya maji, si saa za ofisi. Hilo halihitaji mtaalamu kutoka nje.

Elimu bila ada Tanzania Bara, ikiwemo awali, ilianza Januari 2016, na Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto ilizinduliwa Disemba 2021. Zanzibar nayo, kwa Sera ya Elimu ya 2006, iliingiza maandalizi katika elimu ya lazima. Kinachokosekana ni fungu la vijijini. Kampuni za gesi hulipa ushuru wa huduma kwa halmashauri. Sehemu yake ikilipa mishahara ya walezi wawili na uji wa watoto, kituo kitasimama.

Kwa visiwani, masheha wa shehia za wavuvi wanaombwa kuorodhesha watoto wa miaka mitatu hadi mitano wasiohudhuria maandalizi, na nani hubaki nao bamvua likifika.