Wajibu wa Muuguzi kwa Mama Anayekoma Hedhi

(Ifuatayo ni hotuba ya muuguzi mmoja mbele ya walimu na watumishi wa Serikali.)



Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo desturi zetu hulifunika. Nitalifunua kwa heshima, maana kulinyamazia kunatugharimu.

Mwanamke akipitisha miezi 12 bila hedhi, pasipo mimba wala maradhi, husemwa kuwa amekoma hedhi. Kwa walio wengi hutokea kati ya miaka 45 na 55. Huu si ugonjwa. Lakini homoni ya estrojeni ikipungua, wengine hupatwa na joto la ghafla, jasho jingi usiku, kukosa usingizi na maumivu katika tendo la ndoa. Mifupa nayo hudhoofika.

Niliwahi kumpokea mwalimu aliyekwisha kunywa dawa za malaria mara tatu katika mwaka mmoja, wala hakuwa na malaria. Mkuu wake alidhani amekuwa mvivu. Mumewe alidhani amemchoka. Hakuna aliyemwuliza habari za hedhi yake, hata sisi wauguzi. Hilo ni kosa letu.

Dawa ipo, nayo ni kuurudishia mwili homoni iliyopungua. Lakini historia yake inafundisha tahadhari. Mwaka 1975 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba estrojeni ikitolewa peke yake huongeza hatari ya saratani ya mji wa mimba. Ndiyo maana mwanamke mwenye mji wa mimba huongezewa homoni ya pili ya kuulinda. Mwaka 2002, huko huko Marekani, utafiti juu ya wanawake 16,608 ulisimamishwa kabla ya wakati wake, kwa kuwa homoni hizo mbili kwa pamoja ziliongeza saratani ya matiti, kiharusi na kuganda kwa damu. Wanawake wengi wakaingiwa na hofu, wakaiacha dawa. Lakini wastani wa umri wa wanawake wale ulikuwa miaka 63. Leo inafahamika kwamba kwa mwenye dalili kali, aliye chini ya miaka 60 au ambaye haijapita miaka 10 tangu akome hedhi, na asiye na kizuizi, faida kwa kawaida huzidi hatari.

Basi dawa hii si sumu, wala si maji ya ujana. Linaloamua ni nani anapewa, lini, na nani anamwangalia.

Hapo ndipo penye kazi ya muuguzi. Kwanza aulize, asingoje kuambiwa. Apime shinikizo la damu. Achunguze kama mama amewahi kupata saratani ya matiti, kiharusi, damu kuganda au ugonjwa wa ini, ndipo ampeleke kwa daktari. Amweleze faida na hatari kwa lugha nyepesi, na amwite tena baada ya miezi michache. Asiyefaa kupewa homoni asirudishwe mikono mitupu, kwani zipo dawa nyingine za kupunguza joto. Na damu yoyote itokayo baada ya hedhi kukoma, hata tone moja, ni ya kuchunguzwa hospitali upesi.

Nanyi ndugu zangu, msinunue dawa hii dukani kwa ushauri wa jirani. Na ninyi wakuu wa shule na wa idara, mkimwona mama anafungua dirisha asubuhi ya baridi, msimcheke. Mwelekezeni kwa muuguzi.