Kupiga Picha za Wadudu Wadogo

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya kazi moja ambayo mtu aweza kuifanya kwa furaha baada ya shughuli zake za siku, nayo ni kupiga picha za vitu vidogo mno, vile ambavyo jicho huviona kama nukta tu.

Huenda mmoja wenu akauliza, "Picha ya mdudu itatufaa nini? Picha ya harusi twaifahamu, na picha ya mtoto twaiweka ukutani. Lakini picha ya kidukari aitaka nani?" Swali hili ni la haki, na yafaa tulijibu kwanza.

Mkoa wa Simiyu, ulioundwa mwaka 2012, wajulikana katika Tanzania nzima kwa pamba yake. Basi tuchukue jani moja la pamba, tuligeuze upande wa chini. Twaona vidukari wengi wamekaa pamoja, wakifyonza maji ya jani. Katikati yao apita mdudu mweusi mwenye madoa ya rangi ya machungwa, mwili wake una miiba kama mamba mdogo, na sura yake yachukiza. Mwenye shamba amtazamapo husema, "Huyu ndiye adui mkubwa," akamponda kwa kidole. Kumbe huyo ni buu, yaani mtoto wa mdudu kibibi, yule mviringo mwenye mgongo mwekundu wa madoa ambaye watoto hupenda kumchezea mkononi. Chakula chake ni vidukari hao hao. Mwenye shamba amemwua mlinzi na kuwaacha wezi. Kisha hununua dawa kwa fedha zake ili afanye kazi ambayo yule mlinzi alikuwa akiifanya bure.

Jicho peke yake halitoshi kumtambua mdudu wa namna hii, kwa kuwa ni mdogo, tena hatulii. Lakini picha hutulia. Picha yaweza kutazamwa na watu kumi chini ya mwembe, yaweza kupelekwa kwa bwana shamba au bibi shamba kwa simu siku ile ile, na yaweza kuwekwa hata mwaka ujao ili ilinganishwe na nyingine. Hiyo ndiyo faida yake.

Kazi hii haikuanza leo. Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alichapisha kitabu chenye michoro ya vitu alivyovitazama kwa hadubini, na mchoro wa kiroboto uliomo uliwashangaza wasomaji wake. Yeye alichora kwa mkono, maana kamera zilikuwa hazijavumbuliwa. Huko Vermont katika Marekani alikuwako mkulima jina lake Wilson Bentley. Mwaka 1885 aliunganisha kamera na hadubini, akapiga picha ya punje moja ya theluji, theluji kama ile iliyoko juu ya Kilimanjaro. Mpaka alipofariki mwaka 1931 alikuwa amepiga picha zaidi ya 5,000 za punje hizo. Hakuwa bwana mkubwa wa mji, alikuwa mkulima. Na hapa kwetu Afrika ya Mashariki, Dkt. Dino Martins wa Kenya ametumia picha za nyuki na vipepeo kuwafundisha wakulima jinsi wadudu hao wanavyochavusha mazao yao.

Sasa tuseme maana ya kukuza. Ndani ya kamera mna kipande kinachopokea nuru. Kama mdudu wa urefu wa milimita 2 akiacha juu ya kipande hicho sura ya urefu wa milimita 2, twasema amepigwa kwa kiasi cha moja kwa moja. Sura ikiwa na milimita 10, amekuzwa mara tano. Katika kamera kubwa kipande hicho huwa na upana wa milimita 36. Kwa hiyo, kwa moja kwa moja, picha nzima huingiza upana wa milimita 36 wa jani, na kidukari huonekana mdogo bado. Kwa mara tano picha huingiza milimita 7 tu, na kidukari yule yule huchukua zaidi ya robo ya upana wake, hata miguu yake yaweza kuhesabiwa.

Ninyi wanafunzi mwaweza kupima bila hesabu ngumu. Pigeni picha ya rula, kisha hesabuni ni milimita ngapi zilizoingia toka ukingo huu hata ule. Jinsi milimita zinavyokuwa chache, ndivyo mlivyokuza zaidi. Andikeni hesabu hiyo, na tangu hapo mtajua urefu wa kila mdudu mtakayempiga kwa kifaa hicho.

Wengi hudhani kwamba hapana budi kuanza na vifaa vya fedha nyingi. Sivyo. Anayeanza aanze na kile alicho nacho. Simu ya mkononi yenye kamera, pamoja na kioo cha kukuzia kilichowekwa mbele ya jicho la kamera yake, yatosha kwa hatua ya kwanza. Ziko pia lenzi ndogo zilizotengenezwa kubanwa juu ya simu kama kibanio cha nguo. Simu yenye lenzi hiyo hukaribishwa sana kwa mdudu, pengine sentimita moja au mbili tu.

Aliye na kamera ya kubadili lenzi ana njia mbili nyingine. Njia ya kwanza ni pete tupu, zisizo na kioo, zitiwazo kati ya kamera na lenzi. Zikiisogeza lenzi mbele, sura hukua. Pete za milimita 50 pamoja na lenzi ya milimita 50 hutoa kiasi cha moja kwa moja. Njia ya pili ni kuigeuza lenzi, mbele ikawa nyuma, kwa pete iliyofanywa kwa kazi hiyo. Lenzi ya milimita 28 ikigeuzwa hukuza karibu mara mbili. Lenzi za zamani, ambazo tundu lake la nuru hufungwa na kufunguliwa kwa mkono, zafaa sana hapa, na mara nyingi hupatikana kwa bei ndogo kwa sababu watu wameziacha. Mtu azilinde na vumbi tu, maana upande wa nyuma wa lenzi sasa uko nje.

Baada ya kifaa, huja taabu tatu. Kila aanzaye hukutana nazo, na afadhali azijue mapema ili asikate tamaa.

Taabu ya kwanza ni wembamba wa sehemu iliyo wazi. Tunapopiga picha ya mtu, uso wake na mti ulio nyuma yake vyaweza kuonekana wazi pamoja. Tunapokuza mara tano, sehemu iliyo wazi haifiki hata nusu ya milimita. Jicho la mdudu likiwa wazi, mguu wake hufifia kama uko ndani ya ukungu. Kulibana tundu la nuru husaidia kidogo, lakini ukilibana kupita kiasi picha nzima hupoteza ukali wake. Dawa yake ni kuchagua. Kwanza amua kitu gani lazima kionekane, mara nyingi ni jicho, kisha ukae ubavuni mwa mdudu ili mwili wake wote ulingane na uso wa kamera. Kama kitu hakitembei, kwa mfano mbegu au ganda la mdudu aliyekwisha kufa, waweza kupiga picha nyingi ukisogea kidogo kidogo kila mara, halafu programu ya kompyuta ikaziunganisha sehemu zilizo wazi zikawa picha moja.

Taabu ya pili ni kutikisika. Kama mdudu anavyokuzwa, ndivyo na mtikisiko wa mkono unavyokuzwa. Usizungushe lenzi kutafuta uwazi. Tengeneza kiasi chako kwanza, kisha sogeza mwili wako mbele na nyuma polepole, na pindi jicho la mdudu linapokuwa wazi, piga. Shika kikonyo cha jani kwa mkono wa kushoto, na uiegemeze lenzi juu ya mkono huo huo. Hapo jani likitikisika, kamera hutikisika nalo, na vyote viwili hukaa pamoja. Tena toka alfajiri. Kabla jua halijapanda upepo huwa mchache, na wadudu wengi huwa wazito kwa ubaridi wa usiku, hawajaanza kuruka.

Taabu ya tatu ni nuru. Lenzi iliyokaribishwa sana huingiza nuru kidogo, tena humtia mdudu kivulini. Jua kali la mchana nalo si dawa, maana mgongo wa mdudu hung'aa kama sufuria mpya, na rangi yake ya kweli haionekani. Tumia taa ya kamera inayomweka mara moja. Mmweko wake ni mfupi mno, na kwa hiyo huzuia pia mtikisiko. Lakini weka kati ya taa na mdudu karatasi nyeupe, au kipande cha chupa nyeupe ya plastiki, ili nuru itawanyike na kuwa laini. Asiye na taa apige penye kivuli cheupe, akitumia karatasi kuurudishia nuru upande ulio gizani.

Mtu akishapata ustadi huu, arudi katika shamba la pamba, naye ataona mambo mengi yaliyokuwa mbele ya macho yake siku zote. Juu ya majani machanga ataona yai la funza wa vitumba, la upana wa nusu milimita hivi, jeupe lililochanganyika na manjano, nalo lina mistari iliyosimama toka juu hata chini. Katika joto, yai hili laweza kuanguliwa kwa siku tatu tu. Kwa hiyo anayelitambua leo amepata habari kabla kitumba hakijatobolewa. Pengine ataona mayai mengine, kila moja limesimama juu ya uzi mwembamba kama kichwa cha pini. Hayo asiyaguse. Ni ya mdudu wa kijani mwenye mabawa kama wavu, na watoto wake huwala vidukari.

Ataona pia manyoya ya jani. Wataalamu wa Ukiriguru, karibu na Mwanza, walichagua pamba yenye majani ya manyoya kwa sababu chawa jani, mdudu afyonzaye majani mpaka yakajikunja na kuwa mekundu pembeni, hashindi vizuri juu ya jani la namna hiyo. Aina zilizotoka huko huitwa kwa herufi UK, kama UK91, na herufi hizo zatokana na jina la Ukiriguru. Ulinzi huo wote umo katika manyoya ambayo kidole hakiyahisi vema, lakini picha huyaonyesha kama nyasi za mbugani.

Yako na maonyo. Usiingie kupiga picha katika shamba lililonyunyizwa dawa karibuni. Usimguse mdudu usiyemjua: yule mwembamba mwenye rangi nyekundu na nyeusi, aitwaye nairobi flai, akipondwa juu ya ngozi hutoa maji yanayounguza. Tazama penye majani marefu kabla hujapiga magoti, maana nyoka naye hutafuta kivuli. Wala usimwue mdudu ili apate kutulia. Na kila picha iandikiwe tarehe, jina la shamba, na mmea aliokutwa juu yake. Picha isiyo na habari hizo ni kama barua isiyo na jina la mwandishi.

Wala mtu asidhani kwamba picha peke yake humaliza mambo. Wako wadudu wanaofanana hata mtaalamu akahitaji kuwachunguza kwa hadubini. Picha hukufikisha mlangoni kwa mtaalamu ukiwa na swali lililo wazi, badala ya kumwambia tu kwamba "wadudu wameingia shambani." Huko Nairobi kiko kituo cha utafiti wa wadudu kiitwacho icipe, kilichoanzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, Mkenya, aliyeamini kwamba Waafrika wenyewe wapaswa kuwachunguza wadudu wa nchi zao. Uchunguzi kama huo waweza kuanza kwa mtoto wa shule mwenye kioo cha kukuzia na subira.

Basi, twawaachia ninyi wanafunzi na wazee wenu kazi moja. Juma hili chagueni mmea mmoja tu, uwe pamba, au kunde, au mchicha ulio nyuma ya nyumba. Utembeleeni kila asubuhi kwa siku saba, na kila siku pigeni picha ya upande wa chini wa jani lile lile. Siku ya saba zipangeni picha zenu kwa taratibu, mhesabu wangapi waliokula jani, na wangapi waliowala hao walaji. Kisha ndipo mwamue kama dawa yahitajiwa.

Wahenga walisema, bandu bandu huisha gogo. Vidukari nao humaliza shamba kwa midomo midogo, na walinzi wetu huliokoa kwa midomo midogo vile vile. Yatupasa kuwajua wote wawili kabla hatujainua mkono.