Kwa nini umeitwa kutoa damu mara ya pili?

Wiki hii nimesikia maneno mazito pale bombani: "Wanachukua damu yetu mara mbili, bila shaka wanaiuza."

Hasira hiyo naielewa. Mimi pia niliwahi kuitwa tena, nikakataa siku tatu. Halafu fundi wa maabara akanionyesha vichupa viwili. Katika kimoja, maji yaliyo juu ya damu yalikuwa ya manjano. Katika kingine yalikuwa mekundu, kwa sababu chembe nyekundu zilipasuka kwa kutikiswa njiani. Damu kama hiyo huidanganya mashine: potasiamu huonekana nyingi kuliko ilivyo mwilini, na daktari anaweza kukutibu ugonjwa usio nao.

Katika maji hayo mna protini, nazo ndizo zinazosomwa katika vipimo vingi, kama vya ini. Joto huziharibu. Unajua maziwa yakiachwa juani yanavyokatika, hayarudi tena. Ndiyo maana maji hayo hutenganishwa na damu mapema, ikiwezekana ndani ya saa 2, kisha hukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Ila damu nzima haigandishwi, maana chembe zitapasuka.

Basi mama, baba, ukiambiwa uje asubuhi, njoo asubuhi. Gari la kupeleka damu halingoji, na jua la saa sita mnalijua wenyewe. Hakikisha jina lako na saa vimeandikwa kwenye kichupa. Ukiitwa tena, uliza: "Ile ya kwanza iliharibikaje?" Una haki ya kujibiwa.