Chakula cha Kuku Kitoke Shambani Mwako

Leo nataka kusema nanyi habari za kuku, na hasa habari za kile wanachokula. Wengi wanaofuga uani hulalamika kwamba fedha za mayai hurudi zote dukani kununua chakula. Wana haki kulalamika. Mwaka 2022, bei ya mahindi na soya ilipopanda mno, wako wafugaji wa Kenya waliouza kuku wao wote na mabanda yakabaki matupu.

Kwanza tupige hesabu. Kuku anayetaga hula kadiri ya gramu 120 kwa siku. Basi kuku 10 hula kilo moja na gramu 200, na kwa mwaka mzima karibu magunia 5 ya kilo 90. Msishtuke. Kuku anayefunguliwa asubuhi hujitafutia sehemu ya chakula chake, wadudu, majani na punje zilizomwagika. Wala si lazima magunia hayo yote yawe mahindi, mkayagombania na watoto wenu.

Tena mahindi matupu hayatoshi. Mahindi hutia nguvu na mafuta, lakini ile sehemu ya chakula ijengayo mwili na yai, iitwayo protini, haifiki 10 katika 100, naye kuku anayetaga hutaka kama 16. Mpe mahindi peke yake, naye atanenepa vizuri, akupe mayai machache.

Mahali penye mvua haba, kama Ukambani, pandeni mtama. Mtama mweupe karibu ulingane na mahindi kwa kulisha kuku. Ule mwekundu wenye ukakasi haufai sana, kwani ukakasi huo humzuia kuku asifaidi protini. Ndege wa porini wanaijua tofauti hiyo kuliko sisi, ndiyo maana huuvamia mweupe kwanza. Basi msikose mlinzi shambani. Pembezoni mwa shamba wekeni alizeti. Vichwa vyake vikikauka, vitundikeni bandani kuku wadonoe wenyewe.

Wenye ardhi ifaayo wapande soya. Lakini soya mbichi ina kitu kinachozuia chakula kisiyeyuke tumboni. Sharti ikaangwe kwanza, ndipo isagwe. Kwa kuku wanaotaga, changanyeni hivi: kilo 6 za nafaka iliyoparazwa, kilo 2 za soya iliyokaangwa, nusu kilo ya omena iliyotwangwa, robo tatu ya kilo ya pumba, na robo tatu ya kilo ya chokaa ya mifugo au makombe yaliyopondwa. Jumla ni kilo 10. Omena ikizidi, yai litanuka samaki na mnunuzi hatarudi. Chokaa hiyo ni ya ganda la yai, kwa hiyo vifaranga wasilishwe mchanganyiko huu, maana chokaa nyingi huwaharibu figo. Wala isitumiwe kamwe chokaa ya kupaka kuta.

Mchanganyiko huo hauna vitamini za kutosha, basi lazima kuku wapate majani kila siku. Sukuma wiki iliyozeeka, mchicha, majani ya kunde, yote ni mazuri. Fungeni tita, mlitundike usawa wa kichwa cha kuku lisikanyagwe. Mahindi yetu meupe hayana rangi ya kutia kiini cha yai; ni majani hayo yanayokifanya kiwe cha manjano, na watu wa mjini hupenda kiini chenye rangi. Vifaranga nao watafutieni mchwa. Jaza chungu majani makavu na samadi iliyoloweshwa, ukifudikize jioni juu ya tundu la mchwa, ukifunue asubuhi mapema.

Sasa nafika kwenye neno lililo zito kupita yote. Iko desturi ya kuchambua mahindi, mazuri yaliwe nyumbani, yaliyoota ukungu watupiwe kuku. Desturi hiyo ni hatari. Ukungu huo waweza kuwa na sumukuvu, na kuchemsha hakuiondoi. Mwaka 1960, huko Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa kulishwa karanga zenye sumu hiyo, na hapo ndipo wataalamu walipoanza kuitambua. Hapa Kenya, mwaka 2004, watu 125 walikufa, wengi wao Makueni na Kitui, kwa kula mahindi yaliyoharibika. Kuku asipokufa, sumu huingia katika ini lake na katika mayai, na kwa njia hiyo mahindi mliyoyatupa yanarudi mezani kwa watoto. Mahindi ya namna hiyo yaharibiwe kabisa, hata ikiwa ni debe zima na mwaka ni wa njaa.

Dawa ni kukausha. Anikeni juu ya turubai, si juu ya udongo mtupu. Kabla ya kutia ghalani, chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi hadi theluthi yake, ongeza vijiko vichache vya chumvi kavu, funga na utikise sana. Ngoja dakika 15. Chumvi ikianguka chini yote, mahindi yamekauka. Ikishikamana na kioo, yarudishe juani.