Ngano Juu ya Maji ya Chumvi: Mhadhara wa Umma, Jamhuri, Nairobi



Katika mtaa huu wa Jamhuri, ambao uwanja wake wa maonyesho ya kilimo umewatazamisha watu wa Nairobi mazao ya nyanda za juu mwaka baada ya mwaka, si ajabu mtu akadhani kwamba ngano ni mmea wa mvua na baridi, wa Narok, Uasin Gishu na Njoro, na kwamba hasimu wake ni kutu peke yake, maradhi ambayo kituo cha utafiti cha Njoro kimepigana nayo tangu kilipoanzishwa mwaka 1927. Walakini nchi yetu hununua ng'ambo sehemu kubwa ya ngano inayoila, na kila bei ya unga wa chapati ipandapo hawakosi watu wa kusema kwamba zamu sasa ni ya mabonde ya joto, penye mto, jua na ardhi tambarare. Siwapingi. Nataka tu kuwauliza swali ambalo, kwa rai yangu, lapasa kutangulia swali la mbegu: maji tutakayoyaingiza shambani yataondoka kwa njia gani?

Ardhi ya bonde kavu aghalabu huwa na chumvi iliyolala chini kwa karne nyingi, kwa kuwa mvua haikutosha kuisukuma hadi baharini. Mkulima anapoanza kumwagilia, sehemu ya maji hunywewa na mimea, na iliyobaki huzama, ikaiyeyusha ile chumvi na kupandisha usawa wa maji ya chini, hata yakafika mita moja au mbili kutoka usoni pa ardhi. Hapo ndipo taabu huanza, maana jua huyavuta kupitia vitundu vidogo vya udongo, yakawa mvuke, na chumvi isiyojua kuruka ikabaki juu. Hebu tupige hesabu. Maji ya mto yenye nusu gramu ya chumvi kwa lita, yakimwagiliwa kwa kimo cha milimita 500, huleta tani mbili na nusu za chumvi kwa kila hekta; ilhali maji ya chini yenye gramu 10 kwa lita, yakipanda milimita 100 tu, huleta tani 10. Chumvi inayotoka chini, basi, ndiyo ya kuogopwa, na zaidi katika miezi baada ya mavuno, shamba linapoachwa tupu na jua likalipiga bila kizuizi.

Ngano yenyewe si dhaifu. Katika vipimo vya watafiti Maas na Hoffman vilivyotolewa Marekani mwaka 1977, ngano huvumilia chumvi hadi desisimensi 6 kwa mita katika maji ya udongo uliolowa chepechepe kabla mavuno hayajaanza kupungua, hali mahindi hupungua mapema, kwenye 1.7, na maharagwe kwenye 1. Shayiri, miongoni mwa nafaka kuu, yaishinda. Lakini mche mchanga hauna ustahimilivu wa mmea uliokomaa, na ustahimilivu wenyewe una sharti. Mizizi ya ngano huizuia sodiamu kama bawabu azuiavyo wageni wasioalikwa, na kazi hiyo hutaka nguvu, na nguvu hutaka hewa. Maji ya chini yakipanda hata yakaizamisha mizizi, hewa hutoweka, bawabu huzimia, na chumvi ambayo jana ilikuwa ikizuiliwa huingia hadi majani. Ndiyo sababu shamba lenye chumvi na maji yaliyotuama huangamia upesi kuliko lile lenye mojawapo tu, na ndiyo sababu mtu anayeuza mbegu ya kustahimili chumvi pasipo kutaja mitaro huwa ameuza nusu ya bidhaa.

Tusiende mbali kutafuta ushahidi. Katika bonde la Awash, kwa jirani zetu wa Ethiopia, mashamba makubwa ya Amibara na Melka Sedi yalilimwa pamba na ndizi kwa maji ya mto, na katika muda usiofika kizazi kimoja maji ya chini yalipanda, chumvi ikatoka juu, na sehemu ya ardhi ikaachwa. Mitaro ya chini ya ardhi ilikuja baadaye, katika miaka ya 1980. Leo ngano hulimwa huko katika msimu wa baridi, na kituo cha utafiti cha Werer huijaribu. Nami nawasifu, ila nasema kwamba ngano hiyo inalipa deni la pamba.

Iko habari ya kale zaidi, nayo yatuhusu sisi wa pwani kwa karibu. Katika vinamasi vya Basra, huko Iraki, karne ya tisa, watumwa walioitwa Zanji walikwangua tabaka la chumvi usoni pa ardhi na kulirundika mafungu mafungu ili udongo wa chini upate kulimika. Waliasi mwaka 869 wakiongozwa na Ali bin Muhammad, na mwanahistoria Tabari ameeleza vita vyao hadi waliposhindwa mwaka 883. Wanahistoria hubishana ni wangapi kati yao waliotoka pwani yetu. Kazi waliyopewa haina ubishi: kuondoa kwa mikono kilicholetwa na maji yasiyokuwa na pa kutokea. Chumvi ile ingerudi hata kama wangekwangua miaka mia.

Mbegu nazo zisidharauliwe. Kharchia, ngano ya wakulima wa Rajasthan, imewapa wazalishaji wa mbegu wa India damu ya uvumilivu. Na mwaka 2012 Rana Munns na wenzake wa Australia walionyesha kwamba jeni kutoka ngano ya kale, ikiingizwa katika ngano ya makaroni, huongeza mavuno kwa robo katika ardhi ya chumvi. Mkulima naye ana hila zake: hupanda ubavuni mwa tuta, kwa kuwa chumvi hukusanyika kileleni, huongeza mbegu, kwa kuwa machipukizi hupungua, na hufunika ardhi kwa mabua baada ya kuvuna.

Na Mto Tana wetu? Huko Bura, mradi wa umwagiliaji ulioanza kupokea walowezi mapema miaka ya 1980, udongo wa chini una chumvi na magadi tangu asili. Kabla gunia moja la ngano halijapelekwa, yazikwe mabomba membamba yenye matundu, maji ya chini yapimwe humo kila mwezi, na kimo chake kibandikwe ukutani mkulima akione. Kisha mitaro iingizwe katika bajeti ya kwanza, si ya tatu. Maji ya mitaro ya Amibara huishia katika mto usiofika baharini. Ya Bura yatashuka kwenye mashamba ya mpunga ya Wapokomo na manyweo ya ng'ombe wa Waorma kabla ya kufika baharini Kipini, na hao ndio wa kuulizwa kwanza mtaro upite wapi.