Matuta ya Mboga katika Nyua za Wazee Wetu
(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Halmashauri imetutaka tueleze habari za matuta ya mboga yaliyojengwa katika nyua za wazee wetu, nasi twaeleza mema na mabaya pia.

Mwajua kuwa Chama huwapelekea unga wazee wasiojiweza. Mzee mmoja alituambia, "Nashukuru kwa unga, lakini mimi nalikuwa mkulima." Neno lile lilitukaa moyoni, ndipo tukaanza kazi hii.

Udongo wetu huku mashariki ya Nairobi ni ule mweusi mzito. Mvua ikinyesha hugeuka tope, jua likiwaka hupasuka. Kwa hiyo tulizungushia mawe, tukainua tuta hadi kimo cha goti, ili mzee alime akiwa ameketi kigodani. Upana wake ni futi 4, mkono ufike katikati kutoka kila upande, wala mtu asiukanyage udongo. Chini tulitia kokoto, na juu yake futi 1 ya udongo uliochanganywa na samadi iliyooza vema.

Tulipanda mboga za Kichina, yaani pakchoi na zile ambazo ndugu zetu wa Tanzania huziita chainizi. Wengine waliuliza, mboga ya ugeni ya nini? Tukawajibu kuwa hata kabichi ililetwa, na leo ni mwenyeji. Tena kabichi hungojewa kama miezi 3, bali pakchoi huvunwa kwa majuma 6 hadi 8, na mizizi yake haiendi chini sana. Ukichuma majani ya nje tu, ya ndani huendelea kukua.

Ama kosa lilikuwa letu. Tuta lililoinuliwa hukauka upesi kuliko shamba. Mwezi wa Februari, jua likiwa kali, sisi tuliopewa zamu ya maji tulisafiri kwenda matangani bila ya kumwachia mtu kazi. Tuliporudi, mboga zilikwisha kurefuka na kutoa maua, na majani yamekuwa magumu na machungu. Mzee alizing'oa mwenyewe, asitulaumu hata kwa neno moja. Tuliona haya.

Mvua ya masika ilipoanza tulipanda tena, na mara hii zamu iliandikwa. Mzee yule alikula mboga zake, akawagawia na majirani.

Watakaofuata wakumbuke mambo mawili. Kwanza, kila asubuhi watazame chini ya majani, wawaondoe vidukari na viwavi. Pili, baada ya mavuno wasirudie mboga hizo, wala wasitie sukuma wiki au kabichi, kwa kuwa zote ni za ukoo mmoja na maradhi yao ni mamoja; wapande maharagwe au vitunguu kwanza.

Twaomba Mkutano huu ukubali kuyaongeza matuta. Fedha za Chama zaweza kununua mawe na samadi, lakini haziwezi kuchota maji kila jioni. Kwa hiyo kila mwanachama akaaye karibu na mzee na ajiandikishe zamu yake leo, kabla ya kutoka humu.